Fundi wa maabara wa Sfax aliyeona seli zikivuka ubongo

Saa mbili kasorobo asubuhi, Wassila Ghorbel anavua pete zake mbili, anaziweka kwenye kikombe cha chai kilichovunjika mkono, kisha anainamia sanduku la barafu. Juu ya barafu vimepangwa vibonge vya nta, kila kimoja kinakaribia ukubwa wa kete ya dama. Katikati ya kila kibonge mna doa la rangi ya majivu.

Doa hilo ni nyama ya mtu.

Anachukua kibonge cha kwanza, anakibana kwenye mashine ya kukatia na kuanza kuzungusha gurudumu kwa mkono wa kulia. Kila mzunguko, kisu kinatoa utando mmoja. Utando mmoja unajishika na mwenzake, na punde utepe mwembamba unaning'inia hewani. Wassila anaupokea kwa brashi, anaulaza juu ya maji ya vuguvugu na kuuzoa kwa kipande chembamba cha kioo. Muda wote huo hapumui.

"Huu ni ubongo," anasema baadaye, baada ya kushusha pumzi. "Ubongo ni laini kuliko ini, ni laini kuliko kitu chochote kinachopita hapa. Ukiharakisha unachanika. Ukichelewa nta inapata joto. Na hakuna kurudia. Mtu hafunguliwi kichwa mara mbili kwa sababu mimi nilikuwa na haraka."

Unene wa utando huo ni kama unywele mmoja uliogawanywa mara kumi na nane. Radhia, fundi mwenzake aliye kijana zaidi, ananinong'oneza kutoka meza ya pili: "Usimsemeshe akiwa kwenye ubongo. Mwezi uliopita nilimsalimia saa mbili, akaniitikia saa nne."

"Nilikusikia," anasema Wassila.

"Umeona? Tayari saa nne."

Wassila ana miaka hamsini na mitatu, na ishirini na saba kati ya hiyo ameitumia katika chumba hiki, kwenye maabara ya patholojia ya hospitali moja ya umma ambayo tumekubaliana tusiitaje. Mshahara wake ni dinari elfu moja na mia nne kwa mwezi. Anaishi na mama yake, Bi Zohra, kwenye Njia ya Gremda. Kila jioni mama humpokea kwa swali lile lile: "Leo umemkata nani?"

Naye hujibu kila siku kwamba hajui. Vibonge havina majina, vina namba.

Ila kipo kimoja ambacho alimjua mwenyewe wake. Tangu siku aliyokikata, Wassila si yule wa zamani. Siku hizi kila kioo anakitazama mara mbili.

Ili msomaji aelewe kilichotokea, inabidi kwanza amsikilize Daktari Moncef Jallouli, mkuu wa maabara hiyo. Ni mzee mrefu wa miaka sitini na miwili, mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani, na huitafuta ya kichwani kutwa nzima.

"Uvimbe wa sehemu nyingine una ukingo," anasema. "Unakata, unaangalia ukingo, unasema hapa ugonjwa, hapa salama. Kuna uvimbe wa ubongo ambao hauna ukingo. Daktari wa upasuaji anatoa bonge lote analoliona. Lakini seli moja moja zimeshaondoka zamani. Zinajinyoosha, zinakuwa nyembamba, zinashika uzi wa neva na kutambaa nao. Uzi unakoelekea, nazo huko huko."

Nusu mbili za ubongo, anaeleza, zimeunganishwa na daraja la nyuzi za neva, mamilioni kwa mamilioni, zimelazwa pamoja. Seli zikilifikia daraja hilo, zina njia ya kuvukia upande wa pili.

"Zinatembea polepole sana. Hakuna maumivu, hakuna kelele. Mtu anapika, anashona, anagombana na mumewe, na kumbe ndani zinatembea."

Mwenye kibonge kile alikuwa Beya Sellami, wakati huo akiwa na miaka hamsini na saba, mshonaji wa ngozi za viatu. Alishonea nyumbani, na mumewe, Khemais, alikuwa akitia soli na kuuza kwenye kibanda chake ndani ya mji mkongwe, karibu na lango la Bab Jebli. Miaka mitatu kabla ya kibonge hicho, Beya alianguka kifafa jikoni. Akapigwa picha, akaonekana ana uvimbe upande wa kulia wa ubongo, mbele. Akapasuliwa, akapona, akarudi kwenye sindano yake. Kibonge cha uvimbe ule Wassila ndiye aliyekikata.

Novemba mwaka juzi, zeituni zikianza kuchumwa, mkono wa kulia wa Beya ukaanza kuangusha sindano. Picha mpya ikaonyesha kitu kama ukungu. Safari hii ulikuwa upande wa kushoto, ng'ambo ya pale alipopasuliwa. Daktari wa upasuaji akapenyeza sindano ndefu na kuchomoa kinyama cha urefu wa punje ya mchele.

Swali likawa moja tu: ni kovu na uvimbe wa maji wa kawaida, au ni ugonjwa umevuka?

Khemais hakuweza kungoja nyumbani. Kila asubuhi alifunga kibanda na kuja kusimama kwenye dirisha dogo la maabara, lile la kupokelea karatasi. Ni mtu mfupi, mpana mabegani, mwenye gundi kavu kwenye kucha, na Wassila humwita Lella, yaani bibie.

"Habari za asubuhi, Lella Wassila. Kimekuja?"

"Kimekuja, Ami Khemais. Lakini bado."

"Bado kinafanya nini?"

"Kimelala kwenye dawa. Lazima kikauke, kiingie nta."

"Ngozi ya ngamia inakauka siku mbili. Kinyama cha mke wangu ni kigumu kuliko ngamia?"

"Subira, Ami."

"Subira nilikuwa nayo. Imeisha. Kama unayo ya akiba niazime."

Hapo wote wawili walicheka, Wassila anakumbuka, na baada ya kucheka mzee yule aliegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha.

Jumatatu Wassila alikikata kibonge, akapaka rangi za kawaida, waridi na zambarau, na kabla ya kumpelekea daktari akakitazama kwenye hadubini ya zamani iliyo pembeni mwa meza yake. Kazi yake si kusoma ugonjwa. Kazi yake ni kuhakikisha rangi imeshika. Lakini macho yaliyotazama vioo miaka ishirini na saba hayawezi kuambiwa yaone rangi tu.

Kwenye kona ya kioo aliona viini vitatu vyeusi vya seli vimejipanga kwenye uzi wa waridi. Vitatu tu.

"Nilisita," anasema. "Nikajiambia, daktari ataona. Si kazi yangu. Nikaweka kioo kwenye sinia."

Siku hiyo daktari alikuwa na vioo zaidi ya mia moja na themanini. Mwenzake alikuwa likizo ya ugonjwa. Jumanne asubuhi alisoma kioo cha Beya na kuandika kwa penseli kwenye karatasi: kovu, hakuna seli za uvimbe. Ripoti ilikuwa haijapigwa chapa wala kusainiwa. Lakini alipokuwa akirudi na kahawa yake alikutana na Khemais kwenye korido. Khemais akamshika mkono wa koti.

"Inaelekea ni kovu," daktari alimwambia. "Nenda ukapumzike."

Wassila aliliona neno lile la penseli saa tano, alipokuwa akipanga vibonge vya kupeleka ghalani. Alishuka ghalani, akatafuta kioo cha Beya cha miaka mitatu nyuma, akapanda nacho. Akakiweka hiki, akakitoa, akaweka kile. Umbo la viini lilikuwa moja. Tofauti ni kwamba kwenye kioo cha zamani vilisongamana kama watu sokoni, na kwenye hiki kipya vilikuwa vitatu, vyembamba, vimefuatana.

Viini vitatu si ushahidi. Hata kovu linaweza kuwa navyo.

Wakati wa chakula cha mchana, Radhia na wengine walipotoka, alikirudisha kibonge kwenye mashine. Hakumwomba mtu ruhusa. Kinyama kilikuwa kimebaki kidogo sana; akikosea, kingekwisha, na Beya angebaki na neno la penseli maisha yake yote. Alikata ndani zaidi, tando nne. Akapaka rangi.

Saa nane aliangalia. Kwenye uzi mmoja wa neva, kutoka ukingo mmoja wa kinyama hadi mwingine, alihesabu viini kumi na kimoja kwa mstari. Kwenye uzi wa jirani, saba.

"Niliondoa jicho, nikarudisha. Nikahesabu upya nikitumai vitapungua."

Daktari alikuwa ameshaondoka kwenda kwenye mkutano. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Saa tisa dirisha likagongwa. Alikuwa Khemais, amevaa shati safi lililopigwa pasi, na mikononi ana sahani kubwa ya vitamutamu vya lozi, imefunikwa karatasi ya kung'aa.

"Fungua, Lella, fungua! Daktari kasema ni kovu! Kovu! Nimeshamgawia kila mtu Bab Jebli, hata yule mshenzi wa kibanda cha jirani niliyenuniana naye tangu mvua za mwaka jana. Kula!"

"Ami Khemais..."

"Usiniambie umefunga. Leo Jumanne. Kula, hiki hapa, chenye lozi nzima juu. Beya kachagua mwenyewe. Kasema kikubwa kabisa ni cha yule mwanamke wa dirishani."

Wassila alisimama huku ameshika kile kitamutamu. Hakuwa na ruhusa ya kusema. Hakuwa na hakika pia; alikuwa na macho yake tu, na macho yake hayakuwa na saini. Na kama angekikataa, mzee yule angesoma usoni mwake yote ambayo ulimi umekatazwa.

Akakila.

"Ilikuwa kama nameza nta," anasema. "Akasubiri nimalize. Akaniuliza, kitamu? Nikasema, kitamu, Mungu ampe afya. Akaondoka anaimba."

Jioni ile mama yake alimwekea melukhia nyeusi, mchuzi wa majani uliokaa jikoni tangu asubuhi, na Wassila akaikodolea macho.

"Melukhia yangu leo ina sumu?" Bi Zohra akauliza.

"Hapana, mama."

"Basi leo umemkata nani?"

Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na saba, alijua jibu.

Jumatano alimsubiri Daktari Moncef mlangoni kabla hajavua koti. Mazungumzo yao nimeyasikia kutoka kwa wote wawili, na hayapishani.

"Nani alikuambia ukate tena?" daktari aliuliza.

"Hakuna, Daktari."

"Kwa hiyo siku hizi unakata upendavyo. Kesho utasaini na ripoti?"

"Kesho nitakuwa nimeshafukuzwa, Daktari. Leo angalia tu."

"Wassila, wewe unakata, mimi nasoma. Tumekwenda hivyo miaka mingapi?"

"Ishirini na saba. Sijawahi kukuomba. Angalia."

Aliangalia akiwa amesimama. Kisha akakaa. Kisha akatafuta ile miwani ya kichwani, akaivaa, akaangalia upya.

"Seli za kovu nazo zinaweza kujipanga namna hii," alisema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Zinaweza."

Kuna dawa ya kupaka ambayo hukata ubishi. Inashika seli za uvimbe wa aina ya Beya peke yake na kuzigeuza rangi ya kahawia. Seli nyingine zote inaziacha. Uvimbe wake wa kwanza ulikuwa umeikubali dawa hiyo. Lakini huja kwa kichupa kidogo kutoka ng'ambo, na kichupa cha maabara kilikuwa kinaelekea ukingoni.

"Imebaki ya vioo vingapi?"

"Vinne. Huyu atakula viwili, kimoja chake na kimoja cha zamani cha kulinganisha."

"Na kesho akija mwingine? Akija mtoto?"

"Sijui, Daktari."

Daktari alifuta miwani kwa shati. Radhia, aliyekuwa anajifanya anaosha chupa, anasema daktari alikaa hivyo mpaka maji ya bomba yakafurika.

"Paka," daktari akasema hatimaye.

Kazi hiyo inachukua saa tano. Wassila hakuketi. Alipanga vioo ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Alifuta meza mara tatu. Nilipomuuliza alikuwa anaomba nini katika saa hizo, alijibu bila kufikiri.

"Niliomba niwe mjinga. Niliomba daktari aje anicheke mbele ya maabara nzima, aniambie, umeona sasa, rudi kwenye kisu chako. Ningepika kuskusi ya samaki niwalishe wote."

Saa tisa alasiri walikaa pamoja kwenye hadubini ya vichwa viwili, ile inayotumika kufundishia madaktari wanafunzi. Wassila alikuwa hajawahi kuitazamia. Daktari alisogeza kioo polepole.

Kioo chote kilikuwa cha buluu hafifu, na ndani yake, kwenye nyuzi, mistari ya kahawia. Viini havikuwa kumi na kimoja. Walipofika arobaini na kitu waliacha kuhesabu.

"Zimepita kwenye daraja," daktari alisema.

Aliponyanyua uso, Wassila anasema, alionekana amezeeka tangu asubuhi.

"Nimemwambia yule bwana ni kovu. Kwenye korido. Nina kikombe cha kahawa mkononi."

Alhamisi Khemais na Beya waliitwa ofisini. Alikuwapo daktari wa upasuaji, alikuwapo Daktari Moncef, na Wassila aliitwa kuleta viti, kisha akaambiwa akae. Daktari Moncef hakujificha. Alisema alitoa neno kabla ya wakati wake, akaomba radhi. Akaeleza kwamba ugonjwa umevuka, kwamba haukatiki kwa kisu kwa sababu umelala juu ya nyuzi zenyewe, na kwamba kuna mionzi na vidonge.

Beya alikunja mikono juu ya mkoba. Khemais aliuliza swali moja.

"Nani kaona?"

Daktari, akidhani anampa mtu heshima yake, akajibu: "Wassila ndiye aliyeona. Bila yeye tungekupa miezi sita ya bure."

Mzee akageuka.

"Lini?"

"Jumanne," Wassila akajibu.

"Jumanne saa ngapi?"

Hapakuwa na pa kukimbilia.

"Saa nane."

"Mimi nilileta sahani saa tisa."

"Ndiyo, Ami."

"Nilikupa kwa mkono wangu. Ukala. Nikakuuliza kitamu, ukasema kitamu."

Beya akamvuta shati: "Khemais, inatosha."

"Haitoshi! Nilizunguka mtaa mzima kama punda wa sherehe, na huyu anajua! Angeninyamazia tu, angenifungia dirisha usoni! Kwa nini alikula?"

Khemais alitoka nje akaacha kofia yake kwenye kiti.

Mionzi ilianza wiki ya tatu ya Desemba. Ilielekezwa pande zote mbili na kwenye daraja. Kama neno la penseli lingebaki, daktari wa upasuaji aliniambia, Beya angerudishwa nyumbani kusubiri picha nyingine baada ya nusu mwaka, na seli zingeendelea na safari yao.

Tangu siku ile Khemais hakufika tena dirishani. Karatasi za dawa alizifuata jirani yake. Wassila alipita Bab Jebli mara mbili, na mara zote mbili mzee aliinama akatafuta kitu chini ya meza mpaka Wassila akapita.

Aliyekuja ni Beya. Ilikuwa mwezi wa Machi, nywele zimenyonyoka upande mmoja, kitambaa cha maua kichwani, mkono wa kulia ameuweka mfukoni. Aligonga dirisha.

"Bado wewe ndiye mwanamke wa dirishani?"

"Ndiye mimi."

"Nimekuja unionyeshe."

"Nikuonyeshe nini, dada yangu?"

"Hao walio kichwani mwangu. Kila mtu kawaona isipokuwa mimi mwenye kichwa."

Wassila aliomba ruhusa, na daktari akaitikia kwa kichwa. Wakakaa wawili kwenye ile hadubini ya vichwa viwili. Beya alikuwa mwepesi kuona. Amezoea kutunga uzi kwenye tundu la sindano. Alitazama muda mrefu.

"Hawa wa kahawia ndio wao?"

"Ndio."

"Na hizi wanazokwenda nazo?"

"Nyuzi za neva. Zako. Hizo ndizo zinazopeleka habari mkononi."

"Wanafuata uzi," Beya akasema polepole. "Hawakati. Hawachani. Wanaufuata tu." Akakaza jicho. "Ningekuwa nimeshona mimi ningesema mshono mzuri."

Halafu akalia, bado jicho limo kwenye hadubini, na Wassila akamshika begani akalia naye. Radhia akafunga dirisha na kubandika karatasi kwamba maabara ina dharura.

Walipomaliza, Beya alifuta uso na kumuuliza Wassila kama Khemais bado amemnunia. Wassila akasema ndiyo.

"Mwache. Kichwa chake kigumu, hakuna kinachopenya. Cha kwangu ndicho chenye njia."

Picha tatu zimepigwa tangu mionzi iishe. Ukungu haujakua. Haujapungua pia. Daktari wa upasuaji hatumii neno kupona, na Beya ameacha kulitafuta. Anashona kwa mkono wa kushoto, viatu vya watoto tu, ngozi laini. Kila picha inapokaribia, nyumba nzima haili vizuri wiki mbili. Inayofuata ni mwezi ujao.

Lakini hofu ya Wassila sasa imepita kwa Beya ikaenda mbali zaidi.

"Watu wananiambia, umeokoa mtu. Mimi nasikia swali lingine. Hicho nilikiona kwa sababu mumewe alikuwa anakuja dirishani. Wangapi hawakuwa na mtu dirishani?"

Alimpelekea daktari swali hilo. Safari hii hakuambiwa arudi kwenye kisu chake. Kichupa kipya kilipofika, walishuka ghalani pamoja na kutoa vibonge vyote vya ubongo vya miaka mitano ambavyo vimeandikwa kovu. Vilikuwa arobaini na kimoja. Wassila anavikata upya kimoja kimoja, baada ya kazi za siku, na daktari anasoma naye kwenye hadubini ya vichwa viwili. Wamefika cha kumi na tisa. Kumi na saba ni kovu kweli.

Viwili si kovu.

Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu. Familia yake ilipopigiwa simu ilisema amefariki kiangazi kilichopita. Wa pili ni mwanamume wa miaka thelathini na tisa, mfanyakazi wa kinu cha mafuta ya zeituni upande wa Mahres. Simu yake inaita bila kupokelewa. Barua ya hospitali ya kumtaka arudi ilirejea na muhuri wa posta: hakupatikana.

Wiki mbili zilizopita Wassila aliamua kwamba atakwenda mwenyewe na barua hiyo mkononi. Kwa jina la kijiji na la kinu, anasema, mtu hapotei msimu wa zeituni. Alimweleza Beya kwa simu jinsi anavyoogopa. Si njia anayoiogopa, ni mlango.

Jumatatu hii, nikiwa bado naandika habari hii pale maabara, dirisha liligongwa. Radhia alifungua, akageuka na macho yamemtoka. "Lella," akasema, "ni yeye."

Khemais alikuwa amesimama nje, amekonda kidogo kuliko alivyoelezwa kwangu, gundi kavu kwenye kucha. Hakusalimia.

"Beya kaniambia unakwenda Mahres."

"Jumamosi, Ami."

"Utamwambiaje?"

Wassila akaanza kueleza: atasema kwamba kinyama chake kimeangaliwa upya, kwamba kumeonekana seli...

"Hapana," mzee akamkatisha. "Umeona? Unaanza na ubaya. Hata sisi mlianza na ubaya. Mtu akisikia ubaya kwanza, masikio yanaziba, dawa haisikiki tena. Mwambie kuna dawa. Mwambie kuna mwanamke Bab Jebli alipewa, mwaka na zaidi sasa, anashona. Halafu ndiyo useme la seli."

"Sijui kama nitaweza kulisema hivyo."

"Najua hutaweza. Wewe hujui kusema, unajua kukata." Alitazama chini, akatazama korido, kisha akamtazama usoni. "Ndiyo maana nakuja nawe. Gari la kwanza linaondoka saa moja. Nitakuwa kituoni saa kumi na mbili na nusu, usinicheleweshe."

"Sitachelewa, Ami Khemais."

"Na huyo bwana akinikasirikia mimi, sawa. Mimi najua mtu anakasirika vipi."

Akaondoka. Wassila alibaki ameshika ukingo wa dirisha. Radhia akamuuliza kama yuko salama, naye akasema yuko salama. Kisha akaomba kalamu, na nyuma ya bahasha ya barua ile akaandika, kwa herufi kubwa ili asisahau atakapofika mlangoni: KUNA DAWA.